Betri za magnesiamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpaka wa elektrodi na elektroliti

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sayansi wa Unguja na Pemba, mafundi wa sola, na yeyote anayetaka kufahamu kwa nini betri inayosifiwa namna hii bado haijafika dukani. Karibu kila jibu litakurudisha pale chuma (yaani metali, hapa magnesiamu yenyewe) kinapogusana na kioevu. Hapo ndipo betri ya magnesiamu ilipokwama kwa miongo, na hapo hapo ndipo inapoanza kukwamuka.

Betri ya magnesiamu ni betri gani?

Ni betri ya kuchaji ambayo ndani yake zinasafiri ioni za magnesiamu badala ya za lithiamu. Upande wa hasi kuna bapa jembamba la magnesiamu yenyewe. Upande wa chanya kuna kitu chenye nafasi za kupokea ioni. Katikati ipo elektroliti, yaani kioevu kilichoyeyushiwa chumvi ya magnesiamu. Ukiwasha taa, kila atomi ya bapani inaachia elektroni 2 na kuwa ioni. Elektroni zinapita kwenye waya, ioni zinapita kwenye kioevu, na zote zinakutana upande wa pili. Ukichaji, safari inageuka: ioni zinarudi kwenye bapa, zinapokea elektroni zao na kuwa chuma tena.

Kuwa chuma tena, kisafi, mara mia na mara elfu bila ya kupotea njiani: hilo ndilo gumu.

Lithiamu ipo na inafanya kazi. Kwa nini watu wahangaike na magnesiamu?

Kwanza ni nafasi. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu inaweza kutoa miliampea-saa 3,833, ilhali ya lithiamu tupu inatoa 2,062. Kwa uzito mambo yanageuka: gramu ya lithiamu ina 3,861, ya magnesiamu 2,205. Lakini betri ya simu yako haina lithiamu tupu upande wa hasi. Ina grafiti inayohifadhi ioni za lithiamu, na gramu moja ya grafiti haivuki 372. Ukilinganisha na hiyo, magnesiamu iko mbali mbele.

Pili ni upatikanaji. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.3 za magnesiamu. Lithiamu iliyomo humo haifiki hata miligramu 0.2.

Upungufu upo pia, na ni haki uelezwe mapema. Kwenye jedwali la elektrokemia, magnesiamu inasimama kwenye volti hasi 2.37 na lithiamu kwenye hasi 3.04. Kwa hiyo ukitumia kathodi (upande wa chanya) ya aina moja, umeanza ukiwa umepoteza volti 0.67.

Kwetu visiwani, kuhifadhi umeme ni jambo la maisha. Unguja inapata umeme kutoka bara kwa nyaya za chini ya bahari, na Pemba inaupata kutokea Tanga tangu 2010. Aliyekuwepo Unguja mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kuelezwa kwa nini tunafuatilia utafiti wa betri.

Huo mpaka mnaousema ni kitu gani hasa?

Ni eneo lenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Upande mmoja ni chuma kilichojaa elektroni, upande wa pili ni kioevu. Ndani ya unene huo mdogo yanatokea mambo mengi kwa pamoja. Ioni inayofika inaachana na molekuli za kioevu zilizoizunguka. Inapokea elektroni. Inatafuta pahala pa kukaa juu ya chuma. Wakati huohuo molekuli za kioevu nazo zinapapasa elektroni zile zile, na zikizipata zinavunjika. Vipande vyake vinabaki pale pale, vikijenga utando.

Utando huo ndio unaoamua kila kitu. Unaweza kuwa mlinzi au ukawa kizuizi.

Utando unatoka wapi? Magnesiamu ikiwa safi si haina utando?

Kama umesoma kemia kwenye skuli yoyote ya sekondari, utando huu umeshauona. Kabla ya kuchoma utepe wa magnesiamu maabara, mwalimu anakwambia uusugue kwanza kwa msasa. Ule ukungu wa kijivu unaouondoa ni oksidi ya magnesiamu pamoja na hidroksidi, vilivyoumbika kwa kugusana na hewa na unyevu. Majivu meupe yanayobaki baada ya mwako nayo ni oksidi hiyo hiyo, ila nyingi zaidi.

Ndani ya betri huwezi kuingiza msasa. Magnesiamu ina hamu kubwa ya kutoa elektroni, kwa hiyo chochote chenye oksijeni kinachoigusa kinaweza kuharibika na kuacha utando: maji, gesi ya kaboni dayoksidi, hata kiyeyushi chenyewe.

Kwani betri ya lithiamu haina utando kama huo?

Inao, na ndio unaoiweka hai. Mwaka 1979 Emanuel Peled alieleza kwamba utando unaoota juu ya lithiamu unafanya kazi ya elektroliti ngumu: unazuia elektroni zisitoke kwenda kuharibu kioevu, lakini unaruhusu ioni za lithiamu zipite. Kiwanda kinapoichaji betri kwa mara ya kwanza, utando unajengwa, unatulia, kisha unaendelea kulinda kwa miaka. Betri za lithiamu zote za simu na kompyuta zimesimama juu ya bahati hiyo ya kikemia.

Watu walidhani magnesiamu itafuata nyayo. Wakachukua vile vioevu vya kaboneti vinavyotumika kwenye lithiamu, wakatia chumvi ya magnesiamu, wakachaji. Utando ukaota kweli. Lakini ukaziba. Ioni za magnesiamu hazikupita, na betri ikafa pale pale.

Ningependa kila mwanafunzi alishike hili vizuri kabla ya kuendelea, kwa sababu habari nyingi za mitandaoni zinaliruka. Husema tu "magnesiamu ni nyingi na rahisi" kana kwamba tatizo ni bei ya chuma.

Kwa nini ioni ya lithiamu ipite na ya magnesiamu isipite? Ya magnesiamu ni kubwa?

Hapana, tena ya magnesiamu ni ndogo kidogo. Nusu kipenyo chake ni pikomita 72, ya lithiamu ni 76. Tofauti iko kwenye chaji: lithiamu ina chaji chanya 1, magnesiamu ina 2, zimebanwa kwenye ujazo ule ule. Ikiingia ndani ya kitu kigumu kama oksidi, kila atomi ya oksijeni yenye chaji hasi inaivuta kwa nguvu. Kuondoka kwenye nafasi moja kwenda ya jirani kunadai nishati kubwa mno kwa joto la kawaida. Ndiyo maana oksidi ya magnesiamu yenye unene wa nanomita chache inatosha kufunga njia.

Florini nayo inatufunza kitu. Kwenye lithiamu, floridi ya lithiamu ndani ya utando husifiwa sana. Floridi ya magnesiamu inapitisha ioni zake kwa shida. Uzoefu wa lithiamu hauhamishwi hivi hivi.

Sasa ni kioevu gani kilichofanikiwa?

Hii ni hadithi ndefu, na ndani yake ndimo mna kemia nzuri kuliko yote katika somo hili.

Wa kwanza walikuwa vioevu vya Grignard. Victor Grignard, Mfaransa, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1912 kwa michanganyiko ambayo magnesiamu imeshikana moja kwa moja na kaboni, ndani ya etha, kiyeyushi cha kikaboni. Michanganyiko hii ina tabia ya pekee: yenyewe inatoa elektroni kwa nguvu kiasi kwamba haiogopi magnesiamu. Juu ya chuma haiachi utando wa kuziba, kwa hiyo magnesiamu inatoka na kurudi bila shida. Lakini nguvu hiyo hiyo inaiponza. Ukiiweka karibu na kathodi yenye volti ya maana, inanyang'anywa elektroni na kuharibika.

Mwaka 1990, Thomas Gregory na wenzake wa kampuni ya Dow walichapisha kazi juu ya elektroliti zenye boroni, wakaonyesha kwamba betri ya magnesiamu ya kuchaji ni jambo linalowezekana. Kisha mwaka 2000 Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israel, wakatoa betri ya mfano iliyofanya kazi kweli: bapa la magnesiamu, etha iitwayo tetrahidrofurani, chumvi yenye magnesiamu, alumini na kloridi, na kathodi ya molibdeni na salfa. Ilichajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000. Volti zake zilikuwa 1 na kitu, ndogo, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupata chumvi isiyovunjika upande wa hasi wala wa chanya. Mwaka 2015 kundi la Rana Mohtadi, katika taasisi ya utafiti ya Toyota huko Marekani, lilileta chumvi ambayo ioni yake hasi ni kizimba cha atomi za boroni na kaboni. Haina kloridi na inavumilia hadi karibu volti 3.8. Mwaka 2017 Zhirong Zhao-Karger na wenzake wa Ulm, Ujerumani, wakaja na chumvi nyingine ya boroni, safari hii boroni ikiwa imezungukwa na matawi ya alkoholi yenye florini. Hiyo sasa inatumika kwenye maabara nyingi.

Kloridi ilikuwa na ubaya gani?

Kwenye mpaka wa magnesiamu kloridi ni msaada mkubwa. Inashikana na ioni ya magnesiamu, inaipunguzia chaji, inasaidia kuusafisha uso wa chuma, na hivyo magnesiamu inatua kwa ulaini. Ubaya wake uko kwengine. Volti zikipanda, kloridi inakula chuma cha pua na alumini, yaani vile vibati vinavyokusanya umeme na kopo la betri lenyewe.

Anayeishi Nungwi au Makangale, pwani ambako hewa ina chumvi ya bahari, anaijua kazi ya kloridi kwenye mabati ya nyumba. Ndani ya betri, volti inaongeza kasi ya jambo lile lile.

Nimesoma kwamba kuna chumvi ya TFSI, ya bei nafuu na rahisi kuyeyuka. Kwa nini isitumike tu?

Ni swali zuri, na jibu lake limechukua miaka kupatikana. Chumvi hii, ambayo TFSI ni jina fupi la ioni yake hasi yenye kaboni, salfa na florini, inavumilia volti kubwa upande wa chanya, na kwenye lithiamu inafanya kazi vizuri. Upande wa magnesiamu inavunjika.

Sababu iko kwenye hatua ya katikati. Ioni ya magnesiamu haipokei elektroni zake 2 kwa pigo moja. Inapokea ya kwanza, na kwa muda mfupi sana inakuwa na chaji 1 tu, ikiwa haijatulia kabisa. Ikiwa wakati huo imeshikana na ioni ya TFSI, elektroni ile inahamia kwa jirani. Kifungo baina ya kaboni na salfa ndani ya TFSI kinalegea, kinakatika, na vipande vinabaki juu ya chuma. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2015 na kundi la Kristin Persson, Marekani, ndizo zilizoliweka wazi hili. Hii ina maana kwamba chumvi iliyo imara ikiwa peke yake inaweza kuwa dhaifu ikiwa imemshika mkono magnesiamu. Kwa mchaguzi wa elektroliti, kujua nani kashikana na nani ndani ya kioevu kuna uzito kuliko orodha ya viambato.

Kuachana na molekuli za kioevu ni kazi kiasi gani?

Ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ioni ya magnesiamu ndani ya etha huzungukwa na atomi za oksijeni, kwa kawaida 6, zilizoing'ang'ania. Hapo imekuwa mfano wa hamali aliyefika kwenye kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe na mzigo mpana: hapiti mpaka autue. Kuutua ndiko kunakodai volti za ziada, na volti hizo zinapotea kama joto kila unapochaji na kila unapotumia.

Mwaka 2021 kundi la Chunsheng Wang, Chuo Kikuu cha Maryland, lilionyesha njia ya kupunguza kazi hiyo. Waliongeza kwenye elektroliti molekuli za jamii ya amini (zenye nitrojeni) zenye mkono wa etha. Hizi zinaishika ioni kwa namna inayoiruhusu kujipanga upya inapofika mpakani, kwa hiyo elektroni inaingia bila ya kusubiri kila molekuli ing'oke. Upande wa chuma na upande wa kathodi, zote mbili zilifaidika. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za fani hii, kwa sababu haikuubadilisha chuma wala kathodi, iligusa ule ujirani wa ioni peke yake.

Ni kweli magnesiamu haioti miiba?

Si kweli kwa ukamilifu wake, na yeyote anayekuuzia wazo hilo mwambie asome zaidi. Lithiamu ikitua vibaya inaota miiba inayotoboa kitenganishi na kuunganisha pande mbili, na huo ndio mwanzo wa baadhi ya mioto ya betri. Magnesiamu kwa kawaida inatua kwa chembe zilizolala vizuri, na hilo lilisemwa kwa miaka mingi kana kwamba ni sheria. Mwishoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M waliipiga picha miiba ya magnesiamu ikikua ndani ya kioevu cha Grignard. Mkondo ukiwa mkali, au utando ukiwa umeziba baadhi ya sehemu na kuacha matundu, umeme wote unakimbilia kwenye matundu na chuma kinarundikana hapo.

Upande wa kathodi kuna matatizo yake?

Yapo, na mimi nayaona mazito sawasawa na ya anodi (upande wa hasi) ingawa hayasemwi sana. Ioni yenye chaji 2 ikiingia ndani ya kathodi ya oksidi inanasa, kwa sababu ile ile tuliyoieleza. Kathodi ya Aurbach ilifaulu kwa kuwa molibdeni na salfa zimejikusanya katika vikundi vinavyogawana chaji inayoingia, na salfa ni laini kuliko oksijeni katika kuishika magnesiamu.

Hasara ya kathodi hiyo utaiona ukipiga hesabu. Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 kwa volti 3.8 ina wati-saa 19. Ukitaka nishati hiyo hiyo kwa betri ya magnesiamu ya volti 1.1, unahitaji ampea-saa 17.3. Magnesiamu yake ni karibu gramu 8 tu, jambo la kufurahisha. Lakini kathodi ile inachukua miliampea-saa 128 kwa gramu hata ikifanya kazi kikamilifu, kwa hiyo itahitajika gramu 135 za kathodi peke yake. Betri nzima ya simu leo ina uzito wa gramu 70 hivi.

Ndiyo sababu wengine wamegeukia salfa tupu, ambayo kinadharia inafika 1,672 kwa gramu. Nayo ina mtihani wake wa mpakani: vipande vya salfa vinayeyuka, vinaogelea hadi kwenye bapa la magnesiamu, vinalichafua, na utando tulioukimbia unarudi kwa mlango mwengine.

Je, unyevu wa hewa yetu una athari?

Sana. Kiasi cha maji cha sehemu chache tu kwa milioni ndani ya elektroliti kinatosha kubadilisha tabia ya uso wa magnesiamu. Betri hizi huundwa ndani ya sanduku lililojazwa gesi ya agoni, lenye glavu za mpira za kuingizia mikono, na maji humo hushushwa chini ya sehemu 1 kwa milioni. Hewa ya Zanzibar wakati wa masika iko mbali mno na hapo. Betri ikishafungwa vizuri, hewa ya nje haiihusu tena.

Hakuna njia ya kuipaka magnesiamu utando mzuri kabla?

Ipo, na matokeo yake yamewapa watu moyo. Mwaka 2018 kundi la Chunmei Ban, katika maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, lilipaka chembe za magnesiamu tabaka la polima iliyopashwa moto pamoja na chumvi ya magnesiamu. Tabaka hilo linapitisha ioni na kuzuia elektroni, kama utando wa lithiamu unavyofanya. Magnesiamu ikaweza kufanya kazi ndani ya kaboneti, kioevu ambacho kwa miaka kilihesabiwa sumu kwake, hata chenye maji kidogo.

Njia nyengine ni kuacha chuma tupu na kutumia metali nyengine, bismuthi au bati, upande wa hasi, vinavyomeza magnesiamu ndani yao. Bismuthi inavumilia elektroliti za kawaida kama zile za TFSI. Unalipa kwa uzito: bismuthi inaishia miliampea-saa 385 kwa gramu, karibu sawa na grafiti.

Ufanisi wa asilimia 99 si mzuri?

Unasikika mzuri. Sasa uzidishe. Ikiwa kila mzunguko (kuchaji na kutumia mara moja) unarudisha asilimia 99 ya magnesiamu na hakuna akiba ya ziada, baada ya mizunguko 100 imebaki asilimia 37 hivi. Kwa asilimia 99.9 imebaki karibu 90. Unaposoma tangazo la maabara yoyote, itafute tarakimu hiyo, kisha uangalie walitumia bapa nene kiasi gani. Bapa nene linaficha hasara kwa muda mrefu.

Watafiti wanajuaje yaliyomo kwenye tabaka la nanomita chache?

Kwa njia nyingi zikisaidiana. Moja ni kupitisha mkondo mdogo unaobadilika kwa kasi tofauti na kupima ukinzani: utando, kioevu na kathodi kila kimoja kinajibu kwa kasi yake. Kwa kipimo hiki imeonekana kwamba hata betri ikiachwa imepumzika, ukinzani wa uso wa magnesiamu unaweza kupanda, kisha ukashuka ikianza kutumika. Nyengine ni kuupiga uso kwa eksirei na kupima elektroni zinazoruka, maana zinabeba alama ya atomi zilikotoka na vifungo vyake. Tatizo ni kwamba ukifungua betri na kuusafisha uso ili uupime, unaweza kuwa umeshaondoa ulichokuwa unakitafuta.

Mbona kuna taa zinazowaka kwa maji ya chumvi, na zinasemwa ni za magnesiamu?

Ni kweli zipo. Taa ndogo kwenye baadhi ya jaketi za kuokolea za vyomboni nazo huwaka zikigusa bahari kwa kutumia magnesiamu. Hizo si za kuchaji. Magnesiamu inaliwa na hairudi. Ikimalizika unabadilisha bapa. Kwenye maji magnesiamu haiwezi kurudi kuwa chuma kwa kuchajiwa, kwa sababu maji yanavunjika na kutoa hidrojeni kabla ya hapo.

Pemba kuna mashamba ya chumvi. Magnesiamu haiwezi kutoka huko?

Kemia yake inawezekana, tena ni ya zamani. Chumvi ya kupikia ikishaganda na kuvunwa, maji machungu yanayobaki yana magnesiamu iliyokolea mara nyingi kuliko ya bahari. Ukiyatia chokaa, hidroksidi nyeupe ya magnesiamu inazama chini. Kampuni ya Dow ilianza kutoa magnesiamu kutoka maji ya bahari kwa mtindo huo mwaka 1941 huko Freeport, Texas, na chokaa yao ilitokana na makombe ya chaza. Sisi chokaa tumeichoma kwa mawe ya matumbawe tangu enzi za kujenga Mji Mkongwe.

Ugumu uko baada ya hapo. Hidroksidi inageuzwa kloridi, inakaushwa kwa uangalifu mkubwa, kisha inapitishiwa umeme, kwa kawaida zaidi ya kilowati-saa 10 kwa kila kilo. Kiwanda cha Freeport kilifungwa 1998, na leo magnesiamu nyingi ya dunia inatoka China, kutokana na jiwe la dolomaiti linalochomwa kwenye tanuri. Nisingependa kijana wa Micheweni aambiwe kwamba utajiri umelala kwenye maji yale. Kinachokosekana kwenye betri hii ni elektroliti na kathodi, chuma kipo.

Naweza kujaribu kuunda moja nyumbani?

Hii ya etha na Grignard, usijaribu. Etha zinashika moto upesi, na zikikaa muda mrefu zinaweza kutengeneza peroksidi zinazolipuka. Magnesiamu ikiwaka usiimwagie maji wala usitumie kizimamoto cha kaboni dayoksidi, vyote viwili vinauzidisha moto. Tumia mchanga mkavu. Ukitaka jaribio la darasani, seli ya magnesiamu na shaba kwenye maji ya chumvi inatosha kufunza misingi.

Ninafunga sola mwaka huu. Ninunue betri gani?

Ya lithiamu, chuma na fosfeti ikiwa uwezo unaruhusu, au ya asidi na risasi ikiwa hauruhusu. Betri ya magnesiamu ya kuchaji ya kuweka nyumbani huipati dukani.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Zanzibar. Nianzie wapi bila ya sanduku la agoni?

Anzia kwenye hesabu. Sehemu ya yale tunayoyajua kuhusu mpaka huu, pamoja na siri ya TFSI, ilitoka kwenye hesabu za kompyuta. Programu za bure za kukokotoa elektroni za molekuli zipo, na kazi ndogo inaweza kukimbia kwenye kompyuta ya kawaida. Chukua ioni moja ya magnesiamu, izungushie molekuli za etha moja baada ya moja, na upate nishati ya kung'oa kila moja. Halafu weka amini badala ya etha moja, urudie. Kisha iongezee ioni yako elektroni moja, utazame imehamia wapi na ni kifungo gani kimerefuka. Ukilinganisha majibu yako na yaliyochapishwa kwa molekuli zinazojulikana, utakuwa na kipimo cha kuaminika cha kuzijaribu ambazo bado hazijaguswa.

Jisomee pia sura za elektrokemia na za nguvu za vifungo kwa makini kuliko mtihani unavyodai.